Kaseti ya mjomba na kichaa changu cha mchiriko

Najua nimeadimika. Niliahidi kuandika kila Jumapili, na tangu nitoe hiyo ahadi Jumapili zimepita kama daladala zilizojaa, hazisimami kituoni. Kwanza nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nikarudi nikakutana na majaribio, kisha bumu likachelewa, na nyie mnajua mwanafunzi asiye na bumu hana hamu ya kuandika kitu chochote zaidi ya jina lake kwenye daftari la madeni la mama ntilie. Lakini leo chumba kizima wamekwenda kuangalia mpira, nimebaki na feni na laptopu, nikasema acha nilitoe hili linalonikaa kooni mwezi wa pili sasa.

Wanaonifahamu wanaujua ugonjwa wangu. Mtu akija chumbani na fleshi imejaa nyimbo, wenzangu wanauliza ipi mpya. Mimi nauliza ipi ambayo hakuna anayeisikiliza. Sijui nilianza lini. Ninachojua ni kwamba wimbo ukishapigwa kwenye kila bodaboda raha inaniisha, ila nikisikia mtu anapiga chombo cha ajabu, kwa namna yake ya ajabu, kwenye rekodi iliyojaa mikwaruzo na jogoo anawika kwa mbali, basi hapo usinisemeshe. Chumbani wananiita Makumbusho. Siyo ile stendi ya daladala, ni mimi. Hahaha.

Niwape mfano. Sisi tunaosoma Kiswahili wote tunajua kwamba Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Siku moja kwenye kikundi chetu cha majadiliano niliuliza, kati yetu nani amewahi kuisikia sauti ya huyo Siti mwenyewe? Kimya. Tulikuwa watu 11, wote tuna madesa ya dhamira na maudhui, sauti hakuna anayeijua. Na sauti ipo! Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri za HMV, na baadhi ya santuri hizo zimehifadhiwa mpaka leo. Nikawawekea mmoja kwenye simu. Mikwaruzo kibao, sauti inakuja kwa nyuma kama mtu anayeimba upande wa pili wa mvua. Dada mmoja akasema, "Kumbe alikuwa mtu kweli." Nilicheka, ila baadaye nikaona alichosema si cha kucheka.

Mfano mwingine, huu naupenda kuliko chai. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka Afrika na mashine za kurekodi (huku kwetu Tanganyika pia alipita mwaka huohuo), alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis huko Kenya. Akakuta wasichana wanaimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933! Watu walikuwa wamesikia santuri zake kwenye gramafoni, jina wakalitamka kwa ulimi wao, na huyo Chemirocha akageuka kiumbe nusu mtu nusu swala. Wasichana wanamwimbia kwa sauti nyororo, kinubi kinawasindikiza. Dakika moja na ushee tu. Aliyeongoza kuimba anaitwa Chemutoi Ketienya, na tunalijua jina kwa sababu Tracey alikuwa na tabia ya kuandika: nani kaimba, wapi, lini. Rekodi zake zikahifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na zaidi ya miaka 60 baada ya siku ile ya Kapkatet, watu wa maktaba hiyo na wenzao wa Kenya wakazirudisha sauti kwa Wakipsigis wenyewe. Walijua pa kuzipeleka kwa sababu majina yaliandikwa.

Shikilieni hilo la majina, nitalirudia.

Sasa, ugonjwa wangu mkubwa kabisa, ule unaowafanya wenzangu wavute shuka mpaka masikioni, ni mchiriko. Kwa mdau asiyeujua (na kama umekulia Dar unasema huujui, jiulize vizuri), huu ni muziki wa uswahilini. Umetoka kwenye ngoma za Wazaramo, chakacha na jamaa zake, pale vijana walipopata vile vinanda vidogo vya Casio. Vile ambavyo kwa wenzetu ni mdoli wa mtoto wa miaka saba. Vilikuwa na bei ya kuvumilika, na vinatumia betri za kawaida, kwa hiyo hata uani kusiko na umeme shughuli inaendelea. Kinanda kinaungwa kwenye amplifaya iliyochoka, amplifaya inaungwa kwenye honi, zile spika za mdomo wa bati. Pembeni ngoma mbili tatu, na jamaa mmoja amekaa na kigoda mbele yake anakicharaza kwa vijiti. Kigoda, wadau! Kile cha kukalia. Halafu mwimbaji anaimba maisha: kodi ya chumba, mapenzi ya kulaghaiana, rafiki aliyeingia kwenye unga, mama aliyeonya hakusikilizwa.

Kwa mtu asiyezoea, kinachomshtua kwanza ni sauti ya kinanda chenyewe. Kinakereza. Chumbani nina jamaa anayesoma ualimu wa Fizikia, siku moja aliamka kwa hasira akasema, "Mwanangu, hiyo amplifaya imekufa, kwa nini unasikiliza maiti?" Nikamwambia nieleze basi imekufaje. Na kwa kuwa mwalimu hawezi kukataa kufundisha hata kama ana usingizi, akakaa kitandani akanieleza. Amplifaya ikipewa sauti kubwa kuliko uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi, vile vilima vya mviringo vinakuwa bapa juu. Mawimbi yaliyokatwa hivyo yanazaa sauti nyingine za juu ambazo kwenye kinanda hazikuwepo. Ndo huo mkwaruzo. Na honi haijui besi, inachojua ni kusukuma sauti za kati na za juu mbele, kwa hiyo mdundo unavuka nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka mtaa wa pili wanajua leo kuna shughuli. Alipomaliza akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo wanafanya makusudi?" Nikamwambia ndiyo, lala salama. Siku hizi anavuta shuka nusu.

Kundi ninalolihusudu zaidi ni Jagwa Music, la hapahapa Dar, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa miaka mingi mchiriko uliishi kwenye kaseti na kwenye shughuli za mitaani: harusi, ngoma za watoto, mikesha. Redioni ulikuwa mgeni, na wazee wengi walikuwa na neno moja tu kwa ajili yake, uhuni. Halafu mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu ya Jagwa iitwayo Bongo Hotheads, na jamaa wakapanda majukwaa ya Ulaya na kigoda chao. Watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga mtaa hata mmoja wa uswahilini wakawa wanaruka, wakati huku kwetu ukisema unaupenda mchiriko unaulizwa kama umeoga.

Kampuni hiyohiyo ndo iliyotoa kazi ya Konono No. 1 ya Kinshasa, na kisa chao nitakisimulia mpaka nizeeke. Mzee Mingiedi Mawangu alianzisha kundi hilo miaka ya 1960. Likembe zao (huku kwetu Wagogo wana ilimba, ni ukoo mmoja) zilikuwa hazisikiki mbele ya makelele ya jiji, kwa hiyo wakajitengenezea vinasa sauti kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Mwaka 1978 Mfaransa mmoja, Bernard Treton, akawarekodi. Mbelgiji Vincent Kenis akaisikia rekodi hiyo kwenye redio, akapagawa, na akawa anawatafuta. Alikuja kuwapata Kinshasa baada ya miaka kama 20. Ishirini! Mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikatoka na dunia ikashangaa. Yaani kundi zima lilikuwa linapiga muda wote huo, halijapotea popote. Ila kwa huku nje lilibaki kwenye sikio la mtu mmoja aliyekataa kusahau.

Mnaosema mchiriko umekufa, mnacheza mtoto wake kila Jumamosi. Singeli hiyo! Badala ya kigoda ni kompyuta, mapigo yanakwenda 200 na kupita kwa dakika, lakini mwendo ni uleule, na ule mtindo wa kuita majina ya watu katikati ya wimbo ni uleule. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, na Ulaya wakaruka tena. Tumezoea sasa.

Haya. Mpaka hapo mnaniona shabiki tu. Sasa ndo naingia kwenye kilichonifanya niandike.

Mimi nilikuwa na mjomba, kaka yake mama, aliyepiga kinanda kwenye kikundi kimoja cha mchiriko huko Temeke. Siyo kikundi cha kujulikana, hata jina lake halijawahi kutoka nje ya kata. Nilikuwa mdogo mno, ninachokumbuka ni vidole vyake virefu na kwamba alinibeba begani. Babu hakuupenda ule muziki hata kidogo. Siku moja mjomba karudi nyumbani kakuta kinanda hakipo, babu kakiuza. Mama anasema mjomba hakugombana. Alikaa barazani mpaka usiku, kesho yake akaenda kutafuta kazi ya utingo. Alifariki mimi nikiwa darasa la tatu. Nyumbani hazungumzwi sana. Akizungumzwa, linaanza na "Mungu amrehemu" na linaishia na "lakini alikuwa na akili sana darasani", kama vile kinanda kilikuwa ni ugonjwa uliompata katikati.

Likizo iliyopita nilikuwa namsaidia mama kupanga kabati, nikakuta kaseti imefungwa kwenye mfuko wa Rambo. Haina karatasi wala maandishi, imebandikwa plasta nyeupe tu.

"Mama, hii nini?"

Akaiangalia kwa muda. "Ya mjomba wako hiyo. Walirekodi kwenye arusi moja Keko." Kisha akasema, "Chukua, si ndo mambo yako hayo. Ila jina la kaka yangu usiende kuliandika huko mnakoandika. Watu wana maneno."

Nikamwitikia, na ahadi ni ahadi, kwa hiyo humu hamtalisoma. Inaniuma kidogo, ila mama ni mama.

Kaseti nikarudi nayo chuo, lakini ya kuchezea sikuwa nayo. Siku hizi kupata redio kaseti nzima ni kazi. Ikakaa begini, nikaenda nayo mpaka kwenye mazoezi ya kufundisha, kwenye shule moja ya sekondari ambayo siitaji. Kidato cha pili, mkondo mmoja una wanafunzi 97. Nawaambia ukweli, kwa wiki sita nilijua majina kama kumi na tano. Ya wanaojibu maswali, ya wanaochelewa, na ya wale mapacha. Wengine walikuwa "wewe", "wewe wa dirishani", "wewe mwenye sweta".

Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mwembamba, mkimya, ambaye alikuwa na kasoro moja. Alikuwa anagonga. Kalamu mbili za Bic, dawati, na mkebe wa vifaa vya hisabati. Siyo kwa nguvu. Lakini haachi. Nikimwambia acha, anasema "Samahani mwalimu", anaacha dakika tano, mikono inaanza tena yenyewe. Nilimwonya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Wiki ya nne akaja mhadhiri kunikagua. Wadau mliopita huko mnaijua siku hiyo. Andalio la somo limenyooka, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, tumbo linanguruma. Mada yangu ilikuwa fasihi simulizi. Nimeandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri: hutendwa mbele ya hadhira, huambatana na vitendo, fanani na hadhira huwa ana kwa ana. Mkaguzi amekaa nyuma na fomu yake. Naanza kueleza sifa ya pili, nasikia ti-ki-ti, ti-ki-ta. Ti-ki-ti, ti-ki-ta. Hatua mbili kutoka kwa mkaguzi.

Nikamtoa nje. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilisema tu, mbele ya darasa zima, "Wewe wa nyuma, hayo mambo ya uswahilini kafanyie nyumbani kwenu, hapa tunasoma." Darasa likacheka. Akakusanya kalamu zake, akatoka, akasimama chini ya mwarobaini mpaka kipindi kikaisha. Mkaguzi aliniandikia kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa. Nilipata alama nzuri kuliko nilivyotarajia, na jioni nikajinunulia chipsi mayai kusherehekea.

Tuliporudi chuo nikampata fundi redio mmoja mzee, ana kibanda chake kando ya barabara, redio zimepangwa mpaka darini.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Una nini mwanangu?"

Nikamwonyesha kaseti. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akachungulia kitundu cha chini. Akasema kisponji kimebanduka, utepe ukipita hautagusana na hedi sawasawa, utasikia sauti za majini. Akachukua kaseti nyingine isiyo na faida, akaifungua, akatoa kisponji chake akakipachika kwenye ya mjomba. Kisha akaurudisha utepe mwanzo kwa kalamu, taratibu, akiinusuru mikunjo. Tukaiweka kwenye redio yake. Kinanda kikalia kama mlevi anayepanda ngazi. Nikahuzunika, nikajua imeharibika. Fundi akacheka, akasema kaseti haina tatizo, ni mpira wa mota ya redio umelegea. Akabadilisha mpira, akafuta hedi kwa pamba yenye spiriti. Akabonyeza tena.

Wadau, sina maneno mazuri ya hapa, nitaeleza tu kilichosikika. Kwanza makelele ya watu. Mtoto analia. Mtu anagonga maiki anasema "moja, moja". Halafu kigoda kikaanza peke yake, kabla ya ngoma, kabla ya kinanda. Ti-ki-ti, ti-ki-ta. Ti-ki-ti, ti-ki-ta.

Niliijua kabla sijajua naijua. Mkono wangu ndo uliokumbuka, ulikuwa umekwisha kunyanyuka kama siku ile nilipomwonyesha yule kijana mlango.

Kikaingia kinanda. Mjomba. Anapiga kama mtu anayechokoza, anakimbia, anarudi, anakanyaga noti moja mara nane mpaka wanawake wanapiga vigelegele. Ni upande mmoja tu uliorekodiwa, kama dakika 28. Na kila baada ya muda mwimbaji anaita majina. Anamwita bwana harusi, mpishi, na jirani aliyetoa umeme. Anamwita mpiga kinanda, jina lake la utani, mara tatu, na mara ya tatu kinanda kinajibu. Anamwita na mpiga kigoda. Wote waliokuwepo uani pale usiku ule wamo kwenye ule utepe kwa majina yao, na nje ya kaseti hakuna hata moja lililoandikwa. Fundi alikuwa ameacha kazi, ameshika bisibisi tu. Akasema, "Hawa watoto walikuwa wanapiga." Nilipotaka kulipa akachukua elfu mbili ya mpira, ya ufundi akakataa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nimejisifu miaka mitatu hapa chuoni kwamba nina masikio. Kwamba mimi nasikia wasichosikia wengine, nawajua akina Mingiedi na akina Chemutoi, nawasema wazee kwa kuuita mchiriko uhuni, na namlaumu babu kimoyomoyo kwa kile kinanda. Halafu analetwa mtu hai, amekaa mita nane kutoka nilipo, anapiga kitu kilekile, bila kufundishwa na mtu wa chuo, kwa kalamu za Bic. Na mimi natumia neno la babu. Tena babu angalau alimjua mwanae kwa jina.

Maana hata jina la yule kijana sikuwa nalijua. Hilo ndo linalonichoma. Siku iliyofuata nilimpigia simu mwalimu wa darasa, dada mmoja mwema sana. Nikaanza kumweleza, "yule kijana wa nyuma, mwembamba..." Akanitajia majina manne, kila moja na wembamba wake. Mpaka niliposema anayegonga dawati ndo akasema, "Ahaa, huyo! Yupo, anahudhuria. Tena siku hizi ametulia sana, hagongi kabisa. Ulimsaidia kweli mwalimu."

Sikujua nijibu nini. Nikasema asante dada, nikakata.

Tangu siku ile nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimeihamisha kaseti. Nilirudi kwa fundi na laptopu, tukaunga waya kutoka tundu la hedifoni la redio, dakika zote 28 zimeingia. Jamaa yangu wa Fizikia alikuja kusimamia ili sauti isizidi ikakatwa vichwa mara ya pili ("imeshakatwa na wenyewe inatosha," kasema). Kisha nimekaa usiku tatu nikisikiliza na kuandika majina yote yanayoitwa. Yamefika 23. Karatasi nimeikunja nimeiweka ndani ya kasha, na nakala nimempa mama. Mama aliisoma kimya akiwa amesimama, akafika kwenye jina la kaka yake, akasema, "Huyu wa kigoda yupo hai, anauza mkaa." Hajaniruhusu bado kuandika jina la mjomba. Lakini amesema Jumapili moja atanipeleka kwa huyo muuza mkaa.

La pili bado sijalifanya na naliogopa. Shule ile wanafunga mwezi wa kumi na mbili. Kabla hawajafunga nataka niende, siyo kama mwalimu wa mazoezi, niende tu na simu na spika ndogo, nimwombe mwalimu wa darasa dakika kumi. Jina lake ninalo sasa. Nataka nimwite kwa jina hilo, nimwambie samahani mbele ya walewale waliocheka, kisha nimwekee kigoda cha Keko asikilize. Inawezekana akaniona mwehu. Inawezekana alikuwa anagonga kitu kingine kabisa, singeli ya mtaani kwao, na mchiriko hajawahi kuusikia. Inawezekana ameshaacha na hana haja tena, na hilo ndo ninaloliogopa zaidi.

Mliopo karibu na makabati ya wazazi wenu, nawaomba kitu kimoja. Mkikuta kaseti isiyo na maandishi msiitupe, hata kama redio hamna. Muulizeni mwenye nyumba wakati bado yupo: hawa ni akina nani? Andikeni kwa kalamu ya wino. Na kama yupo mdau mwenye kaseti za mchiriko za zamani, za kikundi chochote, Temeke, Keko, Mbagala, Buguruni, anitafute, nauli ya kuzifuata nitaikopa.

Wenzangu nawasikia kwenye ngazi, kwa makelele yale wameshinda. Kesho nina pindi saa moja asubuhi. Nikienda kule shuleni nitawaambia ilivyokuwa, hata ikiwa vibaya.

Tuko pamoja. Alamsiki.